Wabeba Maji kwa Punda wa Rongo

Vijijini kandokando ya mji wa Rongo, Kenya, zipo nyumba ambazo maji bado hufika kwa mgongo wa punda. Mwenye punda hukunja gunia, akalilaza mgongoni, kisha akafunga mitungi ya lita 20, miwili kila upande. Hizo ni kilo 80 za maji. Upande mmoja ukizidi, mzigo hupinda na kamba huchubua ngozi. Kwa hiyo mjuzi hupapasa mgongo kwanza. Akikuta kidonda, punda hapakiwi siku hiyo, na mapato hakuna.

Kazi ngumu, tena ya haki.

Wizi wa punda wa kuchinjwa ulipoenea, Kenya ilipiga marufuku uchinjaji wao wa kibiashara mwaka 2020. Aliyeibiwa punda hubaki bila kazi. Mnaonunua maji ya wabebaji hawa, walipeni papo hapo.