Skrini Pana, Magitaa Manne: Maandalizi ya Dansi kwa Mpigaji Aliye Mbali na Bendi

Katika bendi kubwa za dansi za Tanzania, gitaa halikuwa chombo cha mtu mmoja. Kwa kawaida bendi ilipanga magitaa manne: solo, linaloongoza na kuwajibu waimbaji; solo la pili, ambalo wanamuziki wengi huliita sekendi solo, linalorudia kipande kifupi cha noti na kuingia katika nafasi zilizoachwa na la kwanza; ridhimu, linalozivunja kodi, yaani mikusanyiko ya noti zinazolia pamoja, ili kushikilia mwendo; na besi, ambalo katika dansi hutambulika kwa mapengo linayoyaacha kama linavyotambulika kwa noti linazozipiga. DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 na kujulikana kwa mtindo wa Sikinde, ilijenga sifa yake juu ya mpangilio huo, ikiwa na Michael Enoch, aliyepitia Dar es Salaam Jazz, pamoja na Joseph Mulenga na Abel Balthazar katika solo, Henry Mkanyia katika ridhimu na Suleiman Mwanyiro katika besi. Anayejifunza sehemu moja ya wimbo wa aina hiyo, hata akiimudu bila kukosea noti, bado hajaujua wimbo, kwa kuwa sehemu yake imetungwa ili ikamilishwe na nyingine tatu.

Bendi hizo zilijiandaa kwa njia iliyowezekana kutokana na mfumo wa uchumi wa wakati wake. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na kujulikana kwa mtindo wa Msondo, na nyingine nyingi zilizofuata, zilikuwa mali ya mashirika, majeshi au jumuiya. Vyombo vilikuwa vya taasisi, mwanamuziki alilipwa mshahara, na mchana ulikuwa wa mazoezi huku usiku ukiwa wa ukumbini. Mpiga solo la pili hakuhitaji kuandikiwa mahali pa kuingia, kwani aliketi karibu na mpiga ridhimu, akisikia mkono wake siku baada ya siku, hadi nafasi ya kila mmoja ikawa mazoea ya mwili.

Mpiga gitaa anayeishi Mandawa, wilayani Ruangwa, hana chumba cha mazoezi cha namna hiyo. Wito wa kupiga huja na misimu, hasa fedha za ufuta zinapopatikana katikati ya mwaka na za korosho kuelekea mwisho wake, ambapo harusi na sherehe za familia huongezeka. Na wenzake wa jukwaani, ambao mmoja anaweza kutoka Nachingwea na mwingine Lindi mjini, hukutana naye siku moja kabla au siku ileile. Kusini hakukuwa mbali na dansi kwa masikio, maana Redio Tanzania ilifika, lakini kulikuwa mbali kwa barabara: hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, aliyetoka Dar es Salaam na shehena ya vyombo alitegemea kivuko. Kwa wengi wa eneo hili, Sikinde na Msondo zilijulikana kupitia spika moja ya redio, ambamo magitaa manne yalisikika kama kitu kimoja. Kutokana na hali hiyo, kazi ya meza ya kompyuta ambapo mpigaji huyo hujiandaa peke yake inaweza kuelezwa kwa usahihi: ni kuijenga upya bendi isiyokuwapo, na kila kifaa kinachowekwa juu yake kipimwe kwa lengo hilo.

Kazi huanzia kwenye rekodi, nayo rekodi ina historia inayoamua nini kinawezekana. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja, moja kwa moja kwenye mkanda wa sumaku, kwa maikrofoni chache, bila kuongeza sehemu moja juu ya nyingine baadaye kama ilivyozoeleka katika studio za kisasa. Utaratibu huo ulihifadhi jambo lenye thamani kubwa, yaani wanamuziki wakisikilizana wakati uleule, lakini ulimaanisha kwamba hakuna mkanda wowote ambao ndani yake ridhimu iko peke yake. Nakala nyingi zinazozunguka leo ni za chaneli moja, hivyo mbinu ya kulinganisha upande wa kushoto na wa kulia ili kulitoa gitaa moja haina la kufanya. Zaidi ya hayo, mkanda uliochezwa kwenye mashine yenye kasi tofauti kidogo hubadilisha sauti zote: kasi ikizidi kwa asilimia 3, noti hupanda kwa takriban nusu ya nusutoni, kiasi ambacho gitaa lililopimwa sawasawa litasikika limepotoka kila linapopigwa pamoja na rekodi. Wapigaji wengi hulegeza au kukaza nyuzi ili kuufuata wimbo. Njia iliyo bora ni kuirekebisha rekodi yenyewe ndani ya programu kama Audacity, mara moja, na kuliacha gitaa katika kipimo kitakachotumika jukwaani. Nakala iliyopitia simu nyingi, ikibanwa upya kila inapotumwa, huwa imepoteza sauti za juu, na zinazopotea mapema ni zile za ncha ya kidole kwenye uzi, ambazo ndizo humwonyesha msikilizaji mahali ridhimu inapogonga.

Programu za kutenganisha sauti kwa akili bandia, kama Spleeter iliyotolewa na kampuni ya Deezer mwaka 2019 na Demucs iliyotengenezwa na kampuni inayomiliki Facebook, hutoa msaada wa kweli lakini wenye mpaka. Katika mpangilio wa kawaida hugawa wimbo katika mafungu manne, yaani waimbaji, ngoma, besi na yaliyobaki. Na katika dansi, yaliyobaki ni magitaa matatu pamoja na saksofoni na tarumbeta. Besi lililotengwa hivyo huwa wazi vya kutosha kufundishia, na kuondolewa kwa waimbaji hufichua vijibu vya solo vilivyofunikwa, ila kazi ya kulitofautisha solo la pili na ridhimu hubaki kwa sikio, likisaidiwa na vitendo viwili: kupunguza mwendo hadi asilimia 60 au 70 bila kushusha noti, na kukizungusha kipande cha mizani mbili au nne mpaka kila mkono ujulikane. Mpigaji akishaitambua sehemu, huipiga mwenyewe na kuirekodi kwenye mstari wake katika programu, sehemu baada ya sehemu. Hatua hii ndiyo kiini cha maandalizi yote, na wengi huiruka kwa kuwa inachosha: anayetarajia kupiga solo lazima kwanza airekodi ridhimu kwa mkono wake, kisha solo la pili, ndipo aongeze solo juu yake.

Hapo ndipo upana wa skrini unapopata maana. Programu ya kurekodi huonyesha wakati kutoka kushoto kwenda kulia, na kila chombo kwenye mstari wake kutoka juu kwenda chini. Ikichukuliwa kwamba pigo moja linahitaji pikseli 20, yaani nukta 20 za mwanga, ili mpigaji aone noti imeangukia kabla au baada ya pigo, skrini ya kawaida yenye pikseli 1,920 kwa upana huonyesha mapigo 96, sawa na mizani 24 za mapigo manne. Skrini pana yenye pikseli 2,560 huonyesha mapigo 128, yaani mizani 32, ambazo kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika ni sekunde 64 za muziki. Tofauti ya mizani nane inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini wimbo wa dansi una sehemu ya taratibu yenye mashairi na sehemu ya pili iliyochangamka inayoitwa chemko, na mahali penye ugumu ni mpito kati ya hizo mbili, ambapo besi hubadili mapengo yake, ridhimu hukaza na solo la pili huchukua kipande kipya. Skrini inayouonyesha mwisho wa ubeti, mpito na mizunguko ya mwanzo ya chemko kwa pamoja, bila kusogezwa, humwezesha mpigaji kuona nani anatangulia kubadilika na nani anafuata. Kimo cha pikseli 1,080 kinatosha mistari sita ya pikseli 120 kila mmoja, yaani rekodi asilia, sehemu nne za magitaa na mstari wa majaribio, huku pikseli 360 zikibaki kwa vitufe na alama za sehemu za wimbo.

Televisheni bapa ya inchi 32, ambayo huunganishwa na kompyuta mpakato kwa waya wa HDMI, ni mbadala unaofikiriwa mara nyingi, na inafaa kusemwa wazi kwamba nyingi za bei nafuu zina pikseli 1,366 tu kwa upana, hivyo huonyesha mizani 17, pungufu kuliko skrini ndogo ya kawaida ya ofisini. Ukubwa wa kioo na wingi wa pikseli ni mambo mawili tofauti. Televisheni ikitumiwa, sauti isipitishwe kwenye spika zake, kwani huichelewesha.

Meza ya mpiga gitaa haiwezi kunakiliwa kutoka ofisini. Skrini pana ya inchi 34 ina upana wa karibu sentimita 80, na mkono wa gitaa la mtu anayetumia mkono wa kulia hutokeza upande wa kushoto, mahali hasa ambapo ukingo wa meza na skrini vinakaa. Mpigaji akilazimika kulisogeza gitaa ili lisigonge, bega hukaa vibaya na yale aliyoyafanyia mazoezi hayatakuwa yale atakayoyapiga akiwa amesimama. Kiti kirudi nyuma, skrini ikae kiasi cha urefu wa mkono au zaidi kidogo, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, na kibodi ihamie kulia ili kipande kiweze kurudiwa kwa kidole kimoja bila kuliweka gitaa chini. Umbali huo una faida nyingine. Pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, hunasa pia mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye skrini na chaja, na zile zenye koili moja hutoa mngurumo unaotokana na umeme wa hezi 50. Kurudi nyuma hatua moja na kuligeuza gitaa lisielekee skrini moja kwa moja hupunguza sehemu kubwa ya kelele hiyo, na kuichomoa chaja ya kompyuta wakati wa kurekodi huondoa nyingine.

Kadi ya sauti, yaani kisanduku kinachoigeuza sauti ya gitaa kuwa tarakimu, inahitaji uangalifu zaidi kuliko skrini. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu ya sampuli. Fungu la sampuli 1,024 katika kasi ya 48,000 kwa sekunde huchukua milisekunde 21, na kwa kuwa sauti huingia na kutoka, ucheleweshaji hufikia kama milisekunde 43. Mwendo ukiwa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni theluthi nzima ya robo ya pigo, na mpigaji huanza kuwahi bila kujua ili kujifidia, kasoro atakayoibeba hadi jukwaani. Fungu la sampuli 256 huushusha ucheleweshaji hadi kama milisekunde 11, sawa na kusimama takriban mita nne kutoka kwenye amplifaya, umbali ambao kila mwanamuziki wa ukumbini ameuzoea.

Umeme ukikatika, hesabu ni rahisi: skrini ya wati 50, kompyuta ya wati 45 na kadi ya wati 5 hutumia wati 100, na betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampia-saa 100, ikitumiwa hadi nusu ili isiharibike mapema, huviendesha kwa muda wa saa tano hivi baada ya kuondoa kinachopotea kwenye inveta.

Kuna hatua ya mwisho ambayo ni lazima iwe ngumu. Siku chache kabla ya onyesho, orodha ya nyimbo hupigwa yote kwa kusimama, skrini ikiwa imezimwa, rekodi za sehemu nyingine tatu zikitoka kwenye spika badala ya hedifoni, na kila mara sehemu moja ikinyamazishwa, ili mpigaji ajue atafanya nini mpiga ridhimu asipofika au uzi wa mwenzake ukikatika. Mtindo wa kupeleka kompyuta jukwaani na kusoma kodi humo unapaswa kukataliwa katika dansi, kwa sababu kuingia chemko hakufuati idadi ya mizani iliyoandikwa bali ishara ya kiongozi, na kiongozi huitoa akiangalia wacheza dansi. Mpigaji aliyeikodolea macho skrini ataikosa ishara hiyo. Nyuzi za akiba, waya wa pili na kitambaa cha kufuta vumbi baada ya safari viwekwe kwenye mkoba mapema.

Kwa mpigaji ambaye fedha zake hazitoshi vyote, mpangilio wa ununuzi unafuata uzito wa kazi: kwanza nakala nzuri ya rekodi, pili kadi ya sauti na hedifoni za kufunika masikio, tatu betri, na skrini pana mwisho. Shirika la Utangazaji Tanzania, ambalo ndilo mrithi wa hazina ya mikanda ya Redio Tanzania, lingewafaa sana wapigaji wa wilaya kama Ruangwa na Nachingwea iwapo lingetoa nakala safi za mikanda hiyo kwa njia na bei wanayoimudu.