Misaada ya Elimu Mkoani Singida: Ya Kusifu na ya Kulaumu

Watu wa mkoa wetu wamezoea kuona ubao shuleni wenye jina la nchi ya ng'ambo iliyotoa fedha. Yafaa kushukuru, maana apewaye asishukuru hana adabu. Lakini shukrani haizuii kupima.

Nautazama kwanza mradi ulioitwa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza. Ulianza mwaka 2014 katika mikoa saba; baadaye Singida na Katavi ikaongezwa, ukaisha mwaka 2020. Katika kazi zake zote naona iliyo bora ni madarasa ya utayari wa shule. Waliotoa shauri hilo walitambua neno ambalo utaratibu wa shule zetu huelekea kulisahau, ya kuwa mtoto wa Mnyaturu, au wa Mnyiramba, au wa Mbarbaig, aingiapo darasa la kwanza, mara nyingi Kiswahili kwake ni lugha ya kigeni. Mwalimu asema, "Fungueni madaftari," mtoto akae kimya, kisha ahesabiwe mzito wa akili. Basi, kwa majuma machache kabla ya shule, kijana aliyechaguliwa na wanakijiji alikaa na watoto hao kwa hadithi, nyimbo na michezo, hata masikio yao yakazoea Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haitaki jumba kubwa. Yataka mtu wa pale pale, ajuaye mama za watoto na lugha zao.

Na hapo ndipo lawama yangu ilipo. Mradi hupewa miaka yake, bali kila Januari huja watoto wengine. Kijana yule naye ana shamba na njaa yake. Mradi ukiisha, nani atamtunza? Mwalimu aliyefundishwa njia mpya huweza kuhamishwa hata kabla vitabu havijachakaa. Kisha huja mradi mwingine kwa jina jingine. Tangu mwaka 2022 tunasikia habari za Shule Bora, nao wa fedha za Uingereza, na Singida ni mmoja wa mikoa yake tisa. Siukatai, ila nauliza swali lile lile.

Mtoaji naye hubadili nia. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza msaada wake wa nje kutoka asilimia 0.7 ya pato lake mpaka 0.5, na Februari 2025 ikatangaza kuushusha mpaka 0.3 ifikapo 2027. Marekani, ambayo shirika lake la USAID lilisaidia kufundisha kusoma Iringa, Morogoro, Mtwara na Ruvuma, ilisimamisha misaada Januari 2025, na Julai shirika lenyewe likafungwa. Mzazi wa Ilongero au wa Mkalama hakuulizwa, wala hakuwa na pa kuulizwa. Tena si fedha zote ni sadaka: dola milioni 500 za mpango wa BOOST, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, ni mkopo, na watakaoulipa ni hao watoto wanaojifunza leo herufi.

Wazee wa Iramba waijua Kinampanda. Misheni ya Kilutheri ilianzisha mafunzo ya walimu pale. Wageni wakaenda zao, chuo kikabaki, na leo ni cha Serikali. Sisemi ya kuwa kila jambo la misheni lilikuwa jema. Nasema tu ya kuwa fedha zile zilimwendea mtu ambaye angebaki.

Wazazi nao wasinyamaziwe. Ada ilipoondolewa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, wengine walisikia "bila ada" wakaelewa "bila kazi". Je, kijiji kizima hakiwezi kumtengea kijana wa utayari madebe machache ya mtama wakati wa mavuno?

Na mradi ujao utakapofika, mwenyekiti wa kijiji aombe karatasi moja, kwa Kiswahili, isomwe mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya ubao kusimikwa: siku mtakapoondoka, kitabaki nini, mkononi mwa nani, na nani atamlipa.