Nani Aliyelipia Tusker Project Fame?

Katika miaka ile ambayo Tusker Project Fame ilikuwa ikirushwa hewani, sisi wa Mosocho huku Gusii, ambao aghalabu hatukuwa na televisheni nyumbani, tulikuwa tukikusanyika mkahawani jioni za mwisho wa wiki kuwatazama vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania, na baadaye wa Rwanda, wakiimba na kuondolewa mmoja baada ya mwingine. Na aliyempenda mwimbaji fulani alitoa simu akampigia kura kwa ujumbe mfupi, asitambue kwamba kwa tendo hilo dogo amekwisha kuwa mtazamaji, hakimu na mlipaji kwa wakati mmoja.

Asili ya mashindano hayo ni Hispania, ambako Operación Triunfo ilianzishwa mwaka 2001 kwa kanuni ya kuwaweka waimbaji katika chuo kimoja, wafundishwe mbele ya kamera mchana na usiku. Kanuni yenyewe ikawa bidhaa. Kituo cha televisheni cha M-Net cha Afrika Kusini kiliileta Afrika mwaka 2004 kwa jina la Project Fame, na mwaka 2006 kampuni ya bia ya East African Breweries ikaidhamini kwa ajili ya Afrika Mashariki, Valerie Kimani wa Kenya akawa mshindi wa kwanza.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mfanyabiashara wa kawaida hununua dakika chache baina ya vipindi, lakini kampuni hii ilikinunua kipindi chenyewe, ikatanguliza jina la bia yake, Tusker, ikabeba gharama za chuo, walimu, mafundi, majaji na zawadi, ambayo kwa mshindi wa mwaka 2012, Ruth Matete, ilifikia shilingi milioni 5 za Kenya. Fedha za kura, zilizogawanywa baina ya kampuni za simu na waandaaji, naziona kuwa ni kijalizo tu. Faida kubwa ya kura hizo kwa mdhamini ilikuwa ushahidi kwamba watu wanatazama, nao wanajali hata kutoa senti zao.

Matangazo ya kipindi yalitoka Nairobi, yakapelekwa kwenye vituo vya kila nchi, navyo vikayarusha kwa minara yao. Siku hizo za analojia, kabla Kenya haijaizima mwaka 2015, mawimbi ya mnara hayakupinda kufuata mabonde, na kwa kuwa Gusii ni nchi ya vilima juu ya vilima, aliyekaa mgongoni alipata picha safi, na jirani yake wa bondeni akapata chengachenga na sauti, mpaka ainue antena juu ya mti mrefu.

Katika suala la nani alipie, Ulaya walishika njia nyingine tangu tarehe 24 Mei 1956, mataifa 7 yalipokutana Lugano kwa shindano la kwanza la nyimbo la Eurovision. Pale mwenye shindano ni umoja wa mashirika ya utangazaji ya umma. Kila shirika hutoa mchango wake, makubwa yakitoa zaidi, na mwenyeji huongeza fungu lake pamoja na mji unaopokea wageni, ndipo hufuata wadhamini wa biashara na mauzo ya tiketi. Ndiyo maana Ukraine iliyoshinda mwaka 2022 iliposhindwa kuandaa kwa sababu ya vita, BBC iliweza kulipeleka shindano la 2023 Liverpool, na serikali ya Uingereza ikasaidia kwa pauni milioni 10.

Kwetu hapakuwa na wa kupokea mzigo. Muungano wa mashirika ya redio na televisheni ya Afrika, ulioanzishwa mwaka 1962 kwa jina la URTNA, ulikuwapo, na KBC, shirika la umma la utangazaji la Kenya, lilikuwa na minara yake, lakini shindano halikuwa mali yao hata kidogo: kanuni ilikuwa ya mwenye hakimiliki, na fedha zilikuwa za mtengenezaji wa bia. Basi baada ya msimu wa sita, mwaka 2013, mdhamini alipoacha, hakikubaki chombo chochote ambacho mpiga kura wa Mosocho, aliyekwisha kuchangia kwa miaka, angeweza kukidai kuwa ni chake.