Polipi wa Unguja kwenye maji ya Ushetu

Mwaka 1900 Oskar Carlgren, mtaalamu wa wanyama kutoka Uswidi, alimweleza kitaalamu mnyama mdogo wa Unguja na kumpa jina Zoanthus sansibaricus. Leo polipi wa jamii yake wanafugwa kwenye matangi ya kioo Ulaya na Marekani, majumbani mwa watu wasioishi karibu na bahari. Je, ufundi huo unawezekana Ushetu, mkoani Shinyanga, katikati ya mashamba ya tumbaku? Unawezekana. Kigumu ni maji.

Polipi hawa huishi kwa koloni, wameshikana kwa tabaka moja la nyama lililotandaa juu ya jiwe. Hawajengi mifupa ya chokaa kama matumbawe magumu, na ndani ya miili yao mna mwani mdogo mno unaotengeneza chakula kwa mwanga. Taa nzuri, basi, ni nusu ya lishe yao.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo tangi la lita 100 linahitaji kilo tatu na nusu. Chumvi ya Uvinza haitoshi, maana chumvi ya kupikia karibu yote ni sodiamu na kloridi, ilhali polipi anahitaji pia magnesiamu, kalisi na potasiamu. Lazima iagizwe chumvi iliyochanganywa kwa ajili ya matangi ya bahari. Maji ya bomba yatolewe klorini kwanza. Ya mvua ni mazuri, ila yasitoke kwenye bati: zinki huyeyuka humo, na wanyama hawa hawaistahimili. Shaba ni mbaya zaidi.

Kosa la wengi huja baadaye. Maji yakikauka kwa joto, chumvi hubaki. Tangi la lita 100 likipungua lita 5, gramu 35 kwa lita zinakaribia 37. Anayejazia maji ya chumvi anazidisha tatizo. Panapopungua hujazwa maji matamu, kidogo kidogo, kila siku. Vilevile bakteria wa kuondoa amonia wapewe wiki nne hadi sita kabla polipi wa kwanza hajaingia. Na kwa kuwa umeme hukatika, pampu ya hewa ya betri iwepo tangu siku ya kwanza.

Koloni likishanenepa hugawanywa: wembe hupita kwenye nyama ya chini, kipande kikabandikwa jiwe jipya kwa supagluu.

Hapo ndipo napenda tusimame. Ndugu yao Palythoa, ambaye wengi humchanganya nao, anaweza kubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana kutoka kwa viumbe. Dalili moja ya kumtambua ni mchanga alioupachika mwilini, Zoanthus hana. Mwaka 2018, kijijini Steventon, Uingereza, familia ilipelekwa hospitali kwa sumu hiyo baada ya kusafisha tangi lao, na wazima moto walioitikia wito nao wakapelekwa.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kukata vaa glavu na miwani ya kukinga macho, na watoto wakae mbali. Jiwe lenye polipi usilichemshe wala kulisugua likiwa kavu. Mvuke wake huingia mapafuni.