Walimrudisha Nyuma Janet Weiss

Tangu bendi ya roki ya Sleater-Kinney itoe albamu ya The Center Won't Hold, Agosti 16, 2019, wasikilizaji wao wamegawanyika makundi matatu, na hadi leo hawajapatana. Kundi la kwanza linasema bendi imekua, na anayekua haombi radhi. La pili linasema ile bendi ya Olympia waliyoipenda imezikwa chini ya kinanda na sinthesaiza. La tatu lina adui mmoja tu, Annie Clark, mnayemjua kwa jina la St. Vincent, aliyekaa kwenye kiti cha mtayarishaji. Nimewasikiliza wote, na naona wote wanapigana vita isiyo yenyewe. Kinanda hakina kosa. Kosa la albamu hii ni kumrudisha nyuma Janet Weiss, mpiga dramu aliyekuwa uti wa mgongo wa bendi hiyo tangu 1996.

Wekeni wimbo wa kwanza, ule uliobeba jina la albamu. Sehemu kubwa yake ni vyuma vinavyogongana polepole, sauti imebanwa, hakuna pa kupumulia. Halafu karibu na mwisho ukuta unabomoka. Magitaa yanaingia yote kwa mpigo, Weiss anafungua matoazi, snea inapasua, na kwa mara ya kwanza unasikia chumba, maana yake unasikia hewa iliyopo kati ya ngozi ya dramu na maiki. Hiyo ndiyo Sleater-Kinney! Kisha wimbo unakatika. Tumeonyeshwa, tumeonjeshwa, basi. Watetezi wa albamu hii wananiambia kipande kile ni ushahidi kwamba Weiss hakutupwa. Mimi nakichukua kuwa ushahidi wa kinyume chake. Waliokuwa studio walijua wana nini mkononi, wakajua namna ya kukirekodi, halafu wakaamua kitumike kwa muda mfupi kama pambo la ufunguzi.

Sogeza mbele hadi "LOVE". Huu ndio wimbo unaoniumiza kuliko yote, kwa sababu ni wimbo wa bendi kujisifu. Maneno yake yanasimulia safari yao, yanataja hata majina ya albamu zao za zamani. Sasa sikiliza kilicho chini ya maneno hayo: biti iliyonyooka kama rula, snea kavu isiyo na mwangwi, kila pigo na uzito uleule wa pigo lililotangulia. Kama ni mkono wa Weiss, umepigwa pasi hadi ukafanana na mashine. Kama ni mashine, basi hali ni mbaya zaidi. Hakuna roli, hakuna ile tabia yake ya kuchelewesha pigo kidogo ili gitaa la Carrie Brownstein litangulie kisha yeye alikamate. Wanasherehekea historia ya bendi huku theluthi moja ya historia hiyo imekalishwa nyuma ya pazia.

Msomaji asiyepiga chombo anaweza kusema, mbona bendi nyingi zinatumia biti za kompyuta na hatulii? Kweli. Lakini bendi hii haina besi. Haijawahi kuwa nayo kama chombo cha kudumu. Corin Tucker na Brownstein, waimbaji na wapiga gitaa wa bendi, wanashusha magitaa yao hadi C sharp, nusu toni tatu chini ya kawaida, ili gitaa moja liweze kuziba pengo la chini. Pengo linalobaki lilikuwa la Weiss. Kiki yake na tomu zake ndizo zilizofanya kazi ya besi na ya dramu kwa pamoja, na ndiyo sababu alipiga kwa namna ile, akijaza na kujibu, akibadilisha sura ya mstari kila unaporudi. Sikilizeni mwanzo wa "One Beat" wa 2002: dramu ndizo zinazoutambulisha wimbo, magitaa yanakuja kujipanga juu yake.

Sasa kilichotokea 2019 ni suala la masafa, kabla hatujafika kwenye suala la mapenzi. Ukileta sinthesaiza nzito chini, kama ilivyo kwenye "Ruins", inakaa palepale inapokaa kiki, kati ya hezi 50 na 100 hivi. Vitu viwili havikai kiti kimoja. Mtu wa miksi atalazimika kumpunguzia mmoja, na hapa aliyepunguziwa ni dramu. Kiki inanyolewa sehemu ya chini, inaachiwa ule mlio wa juu tu, tak-tak. Tomu zinabanwa na kompresa ili zisipigane na kinanda. Maiki za chumbani zinafungwa ili pasiwe na ukungu. Ukimaliza hapo una miksi safi, ya kisasa, na una mpiga dramu ambaye angeweza kuwa mtu yeyote.

Na hayo hayakuanzia kwenye miksi. Zamani nyimbo zao zilizaliwa chumba kimoja, watatu wakiangaliana. Safari hii Tucker alikuwa Portland, Brownstein Los Angeles, wakatumiana rekodi za awali walizotengeneza kwenye kompyuta. Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika, hata kama hakuna aliyeutamka. Wimbo ukishafika na biti yake, na sinthesaiza yake, na mpangilio wake, mpiga dramu anabaki na kazi ya kujaza fomu. Weiss mwenyewe alieleza baadaye mwaka huohuo kwamba aliwauliza wenzake kama bado wako sawa naye katika ubunifu wa bendi, akajibiwa hapana. Julai 1, wiki sita na ushei kabla albamu haijatoka, alikuwa ameshatangaza kuondoka. Wasikilizaji wengi waliipokea albamu wakiwa tayari na habari hiyo, na wanaoitetea wanasema huzuni ndiyo iliyoyaharibu masikio yetu. Hapana. Ondoeni habari yote, bakisheni spika tu, na dramu bado ziko mbali.

Nisieleweke vibaya kuhusu kubadilika. The Woods ya 2005 ilikuwa mageuzi makubwa kuliko haya. Walikwenda Cassadaga, jimbo la New York, kwa Dave Fridmann, wakarekodi sauti zilizochanika kiasi kwamba ungedhani CD ni mbovu. Mabishano yalikuwa makali vilevile. Tofauti ni kwamba Fridmann alipovuruga kila kitu alimweka Weiss katikati ya vurugu. "Entertain" inafunguliwa kwa dramu zinazotembea kama gwaride, na "Let's Call It Love" inakwenda dakika 11 kwa sababu kuna mtu nyuma anayeweza kuibeba dakika 11. Hata Arctic Monkeys, waliopigiwa kelele 2018 mwimbaji wao Alex Turner alipoacha gitaa akakaa kwenye piano, hawakumgeuza mpiga dramu Matt Helders kuwa saa ya ukutani. Aina ya muziki ilibadilika. Bendi ilibaki bendi.

Hapa narudi kwenye jambo ninaloliandika kila nikipata nafasi, na sitaacha: mtayarishaji ambaye jina lake linatangazwa sambamba na la bendi ni hatari kwa bendi. Arcade Fire walimchukua Thomas Bangalter wa Daft Punk kwenye Everything Now, 2017, na tuliambiwa tushangilie jina kabla ya kusikia nyimbo. St. Vincent ni mpiga gitaa hodari, sina ubishi. Lakini ni msanii wa pekee. Mazoea ya msanii wa pekee ni wimbo kuanza na mtu mmoja na kompyuta yake, wapiga vyombo wakaletwa mwishoni kutia rangi. Kwake mazoea hayo yamemletea albamu ya MASSEDUCTION. Yakihamishiwa kwa watu watatu waliozoea kuzaa wimbo kwa kupambana, lazima mmoja aonekane amezidi. Hata hivyo, hakujialika. Wenye bendi walimfungulia mlango, na lawama kubwa ni yao.

Wapo waliofanya kinyume. Steve Albini alikataa kabisa kuitwa prodyuza. Alipowaandikia Nirvana kabla ya In Utero, aliwaambia hataki asilimia ya mauzo, alipwe kama fundi bomba anavyolipwa, kazi ikiisha aondoke. Februari 1993, studio ya Pachyderm, Minnesota, akatundika maiki nyingi kuzunguka dramu za Dave Grohl na kuacha chumba kizungumze. Nyuma zaidi, fundi wa sauti Andy Johns aliziweka dramu za John Bonham wa Led Zeppelin chini kwenye ukumbi wa nyumba ya Headley Grange, akaning'iniza maiki mbili juu kwenye ngazi, tukapata "When the Levee Breaks". Watu hao walijiuliza swali moja: huyu mtu anapiga vipi, na nitamfikishaje kwa msikilizaji akiwa mzima? John Goodmanson alijiuliza hilohilo kwenye Dig Me Out ya Sleater-Kinney, iliyorekodiwa Seattle kwenye baridi ya mwisho wa 1996 na mwanzo wa 1997, katika studio isiyo na ufahari wowote. Rekodi ile ya bei nafuu ina dramu kubwa kuliko hii ya 2019.

Mazuri yapo kwenye albamu hiyo ya 2019: "Hurry on Home" ina gitaa lenye meno, na Tucker kwenye "Broken", yeye na piano, ameimba vizuri sana.

Lakini angalieni kilichofuata. Path of Wellness, 2021, waliitayarisha wenyewe, wawili. Little Rope, Januari 2024, wakampa John Congleton, mtu aliyewahi kutayarisha albamu kadhaa za St. Vincent. Zote zina nyimbo nzuri, na zote zina dramu zinazofanya kazi yake sawasawa bila kumshtua mtu. Anayesema bendi imepona anapima gitaa na sauti tu.

Usinichukulie kwa maneno yangu. Tafuta spika au hedifoni zenye chini ya kweli, si zile za simu, ucheze "Entertain" halafu "LOVE", zote kwa sauti ileile. Usifuate maneno wala magitaa, fuata mkono wa mpiga dramu peke yake, kutoka pigo la kwanza hadi la mwisho. Ukimaliza, niandikie uniambie kwenye wimbo wa pili ulimpoteza wapi.