Chura wa Kihansi na hesabu ya manyunyu

Ukitaja chura wa Kihansi mbele ya Watanzania, wengi hukumbuka jambo moja: vyura waliopandishwa ndege kwenda Marekani. Safari hiyo ndiyo iliyosimuliwa sana, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko yote yaliyofanyika. Kazi ngumu ilikuwa korongoni, kwenye maji, na bado iko huko.

Mto Kihansi unatoka nyanda za juu za Udzungwa na kuteremka kwa kishindo kuelekea bonde la Kilombero. Maporomoko yake yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi, na pembeni mwake paliota vipande vya ardhi oevu ambavyo kwa jumla vilifika hekta 2 hivi. Humo ndimo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipomkuta mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye sayansi haikuwa inamjua. Wakampa jina la Nectophrynoides asperginis. Jike aliyekomaa hafiki sentimita 3, na hajawahi kupatikana kwa asili mahali pengine popote duniani.

Tatizo ni tarehe. Mwaka huo wa 1996 ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ulikuwa umeshaanza. Michoro ilikuwa tayari, mikopo imeshatiwa saini, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wafadhili. Tathmini ya mazingira iliyotangulia haikuingia kwenye manyunyu kuangalia nani anaishi humo. Tusiwe wepesi kuwalaumu waliotaka umeme: nchi ilikuwa imechoshwa na mgawo, na Kihansi iliahidi megawati 180 kutokana na bwawa dogo na mteremko wa zaidi ya mita 800. Lakini mteremko uleule uliovutia wahandisi ndio uliozaa manyunyu. Mitambo ilipoanza kazi kati ya mwisho wa 1999 na mwaka 2000, maji yakapita chini ya ardhi kuelekea kwenye mashine, na yaliyobaki kwenye maporomoko yakapungua kwa takriban asilimia 90. Ardhi oevu ikaanza kukauka, na mimea ya mahali pakavu ikaanza kuingia.

Kwa kawaida, kuokoa amfibia kunakuwa na utaratibu unaojulikana. Uingereza, kwa mfano, mjenzi akikuta salamanda mwenye kishungi kwenye dimbwi analotaka kulifukia, anatakiwa kupata kibali kwanza. Dimbwi jipya huchimbwa mapema ili mimea na wadudu wajijenge. Kisha uzio mfupi wa plastiki huzungushwa, ndoo hufukiwa ardhini kando yake, na kila asubuhi wanyama walioangukia humo huhamishwa mpaka ndoo zibaki tupu siku kadhaa mfululizo. Utaratibu huo unafaa kwa mnyama anayetaga mayai majini, kwa sababu dimbwi ni kitu unachoweza kukichimba mahali pengine.

Chura wa Kihansi hatagi. Jike huzaa watoto hai, kila mmoja akiwa hana urefu wa kuzidi punje ya mchele, na watoto hao huanza maisha moja kwa moja kwenye majani na kuvumwani. Hawana hatua ya kiluwiluwi kuogelea dimbwini. Wanachohitaji ni hewa iliyolowa, joto lisiloyumba na majani yanayodondosha matone wakati wote. Huwezi kuchimba shimo, ukalijaza maji, ukasema makazi yako tayari. Ilibidi manyunyu yenyewe yatengenezwe.

Hapo ndipo kazi ya wahandisi inapostahili kuangaliwa kwa karibu. Kati ya mwaka 2000 na 2001 korongo lilitandazwa mabomba yenye vinyunyizio vidogo, vikisukumwa na uzito wa maji yenyewe yanayoshuka kutoka juu, bila pampu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara: kwenye korongo lenye miteremko mikali na unyevu wa kudumu, pampu ingeharibika, na siku ikizimika vyura wangekauka. Lakini mfumo huo una udhaifu wake. Kinyunyizio kinachotoa matone membamba kina tundu dogo, na tundu dogo huzibwa na mchanga na majani. Maji lazima yachujwe, vichujio lazima visafishwe, na lazima awepo mtu wa kupanda kwenye mawe yenye utelezi kuangalia ni kipi kimenyamaza. Isitoshe, mabomba yaliweza kulowesha sehemu tu ya eneo lililoloweshwa na maporomoko.

Hata hivyo yalifanya kazi. Uoto wa mahali pa unyevu ukarudi palipofikiwa na matone, na idadi ya vyura ikapanda hadi kukadiriwa karibu 20,000 kufikia katikati ya 2003. Ingekuwa suala la maji peke yake, hadithi ingeishia hapo.

Safari ya Marekani ilipangwa kama bima, na hilo ndilo somo zuri la kitaalamu katika mkasa huu: hawakusubiri vinyunyizio vishindwe. Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa ruhusa ya serikali ya Tanzania, vyura 499 walikamatwa na kupelekwa Bronx Zoo, New York, kisha wakagawanywa katika bustani nyingine za wanyama. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya vifo. Walisumbuliwa na minyoo ya mapafu, upungufu wa lishe na taa zisizotoa mionzi inayofaa. Kwa muda idadi ilishuka chini ya 100 kabla ya walezi kuelewa. Vyumba vikatengwa, maji yakachujwa na kusafishwa upya, ukungu ukapulizwa kwa saa maalumu, chakula cha nzi wa matunda na vitoto vya nyenje kikapakwa unga wa vitamini na madini. Mwishowe bustani za Bronx na Toledo ndizo zilizobaki na vyura, wakaongezeka kufikia maelfu.

Bima hiyo ililipa mapema kuliko ilivyotegemewa. Katika nusu ya pili ya 2003 vyura wa korongoni walipukutika ghafla. Januari 2004 wataalamu walihesabu watano tu, baadhi yao wakisikika bila kuonekana. Kwenye mizoga lilipatikana kuvu la kitridi, linalosababisha ugonjwa wa ngozi ambao umemaliza amfibia katika mabara kadhaa. Wengine waliunyoshea kidole pia ufunguaji wa bwawa uliofanyika wakati huohuo, ukashusha tope lenye mabaki ya viuatilifu vya mashambani. Mjadala huo haujazimika. Kilicho wazi ni kwamba idadi kubwa iliyosongamana kwenye kipande kidogo chenye unyevu haikuwa na pa kukimbilia. Mwaka 2009 shirika la uhifadhi la IUCN likatangaza kuwa chura huyu ametoweka porini.

Kurudi nyumbani kulifanywa kwa hatua, na hatua hizo napenda ziigwe. Vyura 100 walifika Dar es Salaam mwaka 2010, wakawekwa kwenye kituo cha Chuo Kikuu. Walizoezwa kwanza kwa wataalamu wa Kitanzania, chakula cha hapa na maji ya hapa. Baadaye wakajaribiwa korongoni ndani ya vizimba vya wavu, na ndipo mwishoni mwa 2012 vyura wapatao 2,500 wakaachiwa. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetoweka porini kurejeshwa makazini kwake. Anayeingia korongoni hutakiwa kusafisha viatu kwa dawa, kwa sababu kuvu husafiri na tope la soli.

Wapo wanaouliza kama gharama hii yote inafaa kwa mnyama mdogo kiasi hicho. Mimi nasema gharama kubwa ilitokana na kuchelewa. Utafiti wa amfibia kwa misimu miwili, masika na kiangazi, kabla ya michoro kukamilika, ungewezesha kiasi cha maji ya maporomoko kupangwa tangu mwanzo, na mabomba yasingehitajika kubeba roho ya spishi nzima. Sasa yameshaibeba. Kwa hiyo wenye dhamana ya bajeti ya Kihansi wavitengee vichujio na vinyunyizio fedha za matengenezo kila mwaka, katika fungu lilelile la matengenezo ya mitambo ya umeme, na wanaochora bwawa lijalo wawatume wataalamu wa vyura mtoni kabla ya kuwatuma wapimaji.