Mwalimu Kiungo

Jumatatu inayofuata dabi ya Kariakoo, madarasa ya shule za msingi Tanzania huingia na ligi nzima mdomoni. Waliofungwa wananuna, walioshinda hawana staha, na hata asiyejua timu moja ina wachezaji wangapi ana upande wake. Mwalimu aliye mbele yao ana njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kugonga meza, kuamuru kimya na kuandika tarehe ubaoni. Ya pili, inayoonekana ya kisasa zaidi, ni kuwaachia dakika tano wapige soga, acheke nao, kisha aseme haya, sasa tufungue vitabu. Njia hizi zinafanana kuliko zinavyodhaniwa, kwa kuwa katika zote mbili mpira unabaki huku na hesabu inabaki kule. Ninayetaka kumsifu ni mwalimu wa namna ya tatu. Huyu anachora msimamo wa ligi ubaoni, anaacha wazi safuwima ya tofauti ya mabao, na kuuliza timu iliyofunga mabao 12 na kufungwa 19 iandikiwe nini. Mtoto anayejibu hasi saba hajaambiwa bado kwamba mada ya leo ni namba hasi. Ameifikia mwenyewe, tena kwa hasira kidogo, maana timu hiyo huenda ni yake.

Kiswahili kina neno moja lenye maana tatu zinazoubeba ufundi huu. Kiungo ni kile kinachotiwa chunguni ili mchuzi unukie. Kiungo ni mahali mfupa unapokutana na mfupa. Na uwanjani, kiungo ni mchezaji wa katikati, anayepokea mpira kwa mabeki na kuwatengea washambuliaji. Walimu wakishauriwa kuchangamsha masomo kwa michezo na sikukuu, wengi husikia maana ya kwanza peke yake: nyunyiza mpira kidogo, weka Idd kidogo, somo litalika. Nashikilia kwamba tukio hufundisha pale tu linapokuwa kiungo kwa maana ya pili, likashikana na somo kiasi kwamba ukiliondoa, somo halipindi goti. Hapo ndipo mwalimu anapostahili maana ya tatu, ya mtu anayetoa pasi na kuwaachia wengine wafunge.

Ushahidi upo, na baadhi yake ni mkali kwa pande zote. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti juu ya watoto wachuuzi wa Recife, Brazil. Wakiwa kwenye biashara zao, watoto hao walikokotoa bei na chenji kwa usahihi wa asilimia 98. Hesabu za namna hiyohiyo zilipovalishwa maneno ya shuleni, usahihi ukashuka hadi asilimia 74 hivi. Zilipoachwa namba tupu, ukaanguka hadi 37. Watoto wenyewe walikuwa watano tu, kwa hiyo tusiyabebeshe matokeo hayo dunia nzima. Hata hivyo, anayeishi karibu na soko lolote la pwani yetu hatayaona mageni. Miaka mitatu baadaye, Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 habari ya mchezo wa besiboli waisome. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliielewa habari ile kuliko wasomaji hodari wasioujua. Lakini mwaka 1989 Ruth Garner na wenzake walionyesha upande wa pili: madoido ya kuvutia yasiyohusu hoja, yakipachikwa ndani ya habari, humfanya msomaji akumbuke madoido na kuisahau hoja. Anayeuza wazo la kuchangamsha masomo hupenda kuyanukuu matokeo mawili ya kwanza na kulinyamazia la tatu. Mimi naona la tatu ndilo lenye faida zaidi kwa mwalimu, kwani linamwambia mpaka uko wapi. Picha ya mchezaji maarufu iliyobandikwa juu ya zoezi la kugawanya ni doido. Msimamo wa ligi ndio hesabu yenyewe.

Tazama jinsi michezo ilivyojaa maswali yasiyohitaji kupambwa. Ligi yenye timu 16 zinazokutana nyumbani na ugenini ina mechi 240, na darasa la tano linaweza kuipata namba hiyo kwa kuzidisha 16 kwa 15. Geuza timu zilezile ziwe za mtoano, uulize tena. Watoto wataanza kuchora ngazi za robo fainali na nusu fainali, wakijumlisha nane, nne, mbili na moja, mpaka mmoja wao agundue kwamba kila mechi inatoa timu moja, na ili abaki bingwa lazima zitoke 15. Kuna walioishi miaka mingi na mpira bila kuliona hilo. Au chukua mbio. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 na kuweka rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfuata sekunde 0.36 nyuma yake. Sehemu hiyo ya sekunde ni umbali gani? Gawanya mita kwa sekunde, utapata mwendo wa mita saba na ushei kila sekunde, na jibu ni takriban mita mbili na nusu, urefu ambao watoto wanaweza kuupima sakafuni kwa rula zao. Desimali iliyokuwa nukta ya kuogofya inakuwa nafasi kati ya migongo miwili. Na somo la insha nalo lina John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968 na bado akamaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Mji ule uko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwalimu wa sayansi akitaka kueleza kwa nini mapafu hutaabika juu ya milima, hana haja ya mfano mwingine.

Sikukuu ndizo zenye utajiri zaidi, nasi tumezifundisha vibaya zaidi. Kwa kawaida zinaingia shuleni kama wimbo na bango. Ilhali kalenda ya Waswahili ni darasa kamili la falaki. Majina yenyewe ya miezi yanahesabu: baada ya Ramadhani huja Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, Idd el-Haj ikaangukia Mfungo Tatu na Maulidi Mfungo Sita, hadi Mfungo Tisa, halafu Rajabu na Shaabani. Mwaka huo wa mwezi una siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kumi na moja. Ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma na kuzunguka misimu yote kwa takriban miaka 33, ikapita kaskazi na kusi, kiangazi na masika. Sambamba nayo wakulima na mabaharia walishika hesabu ya miongo: siku kumi kila mwongo, miongo 36, na siku tano za ziada, kuanzia Siku ya Mwaka ambayo watu wa Makunduchi, Unguja, huiadhimisha mwezi Julai kwa Mwaka Kogwa. Siku 365 kamili, bila ile robo. Basi mwulize mwanafunzi: kwa hesabu hiyo, ukikosa robo siku kila mwaka, babu wa babu yako aliipata Siku ya Mwaka mwezi gani? Atakayejibu Agosti amejua kwa nini dunia inahitaji Februari ya siku 29.

Yako mapingamizi. La mtihani ni rahisi kulijibu, kwa sababu namba hasi, desimali na kuzidisha vimo katika muhtasari, na hakuna kilichoongezwa ila mlango wa kuingilia. La idadi ni zito zaidi: watoto themanini na zaidi katika chumba kimoja, kisha unawaletea utani wa jadi? Kelele zitakuwepo. Ila darasa kubwa lililonyamazishwa halithibitishi kwamba linafikiri, na swali moja lenye jibu moja ubaoni halidai vifaa. Wapo pia wasiopenda mpira, na kwa kuwa walimu wengi hudhani mpira ndio michezo yote, wasichana wengi huachwa benchi. Pingamizi hilo ni la haki, na dawa yake ni kupanua macho: netiboli, rede, bao, mashindano ya ngalawa. Kuhusu dini, wengine huona hatari kuitaja Ramadhani mbele ya watoto wa imani tofauti. Lakini Pasaka nayo hufuata mwezi, ikiwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu Machi 21. Darasa linalohesabu siku hizo mbili pamoja halimhubirii mtu.

Pingamizi ninalolihofia halitoki kwa wazazi wala wakaguzi. Ni uvivu wa mwalimu mwenyewe, anayetumia tukio kujaza mahali pa utangulizi katika andalio la somo, kisha akaliacha kabla maarifa mapya hayajaanza. Ufundi ninaousifu una gharama. Unadai mwalimu alijue somo lake kiasi cha kuliona likipita barabarani limevaa jezi, na awe amefanya hesabu zake usiku kabla darasa halijapaza sauti. Bahati nzuri, baadhi ya matukio hutoa taarifa mapema. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuandama mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mwulize mwanafunzi wako kwa nini.